Ulikosa siku ya korti Malindi na leseni imeshikwa? Hivi ndo unairudisha

Kuna maneno yanazunguka sana kwenye steji za tuktuk na teksi hapa Malindi, kwamba ukishikwa na trafiki, ukalipa dhamana pale stesheni na usitokee kortini, basi ile pesa inakatwa kama faini na mambo yameisha. "Mimi niliwaachia ile elfu tano yao." Utasikia mtu anajisifu hivyo kabisa, na wenzake wanatingisha vichwa.

Si kweli. Dhamana si faini. Dhamana ni pesa ya kuhakikisha utafika, usipofika serikali inaichukua na kesi inabaki pale pale, tena na waranti ya kukushika juu yake. Na waranti haiozi. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inasema itaendelea kuwa na nguvu hadi ushikwe au hadi korti iliyoitoa iifute, kwa hivyo hata ukikaa miaka miwili bila kusumbuliwa usidhani imekufa, na inaweza kutekelezwa popote Kenya, si Malindi peke yake. Ukisimamishwa Mariakani na gari la watu, hapo ndo utajua.

Sasa kama wewe ni mmoja wa hao, ama leseni yako imebaki kwa polisi au kortini tangu siku hiyo, hii ndo njia ya kuitoa. Inachosha kidogo lakini sio ngumu vile watu wanaogopa.

KWANZA JUA LESENI YAKO IMESHIKWA NA NANI

Watu husema tu "leseni imefungwa" na hapo ndo wanaanza kukimbia kwenye ofisi isiyohusika. Kuna hali tatu na kila moja ina mlango wake.

Ya kwanza, na ndo ya wengi, leseni yenyewe haijafungiwa na mtu, ni kadi tu imekaa. Askari aliichukua siku ile, ikaingia kwenye faili ama kwenye droo ya ofisi ya trafiki, ikangoja uje kortini na wewe hukuja. Hii inatoka kesi ikisikizwa.

Ya pili, hakimu amekuondolea haki ya kuendesha kwa muda fulani, ama ameagiza kosa liandikwe kwenye rekodi yako ya leseni. Hii inatokea baada ya mtu kupatikana na hatia, sana kwa makosa mazito kama kuendesha ukiwa umelewa au kuendesha kwa hatari. Kama hujawahi kusomewa mashtaka, kwa kawaida hujafika huku.

Ya tatu, kadi unayo mfukoni lakini ukiingia kwenye akaunti yako ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani inayotoa leseni) kupitia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kurenew, mfumo unakukatalia ama unaonyesha kitu usichokielewa. Hapo shida ni ya NTSA, lakini mara nyingi dawa yake inaanzia kortini kwa sababu NTSA watataka karatasi.

Jambo la kufanya leo hii, kabla hujatoka nyumbani, ingia eCitizen, fungua upande wa NTSA uangalie leseni yako inasomaje, imeisha muda au bado. Wengi wanagundua hapo kwamba mbali na kesi, leseni ilishaisha muda kitambo, na hilo ni kosa jingine kabisa. Kama unaendesha tuktuk, teksi au matatu angalia na beji ya PSV pia, ile ya madereva wa gari za abiria, usije ukapata leseni halafu ukasimamishwa wiki inayofuata kwa beji.

TAFUTA KESI YAKO

Itoe ile risiti ya dhamana. Najua imekunjwa kwenye pochi au iko chini ya kiti cha tuktuk na wino umeanza kufutika kwa jua, itoe hivyo hivyo uipige picha. Angalia vitu hivi: jina lako limeandikwaje (mtu anaitwa Mwanaisha anaandikwa Mwanaidi, na kwenye kompyuta ya korti huyo ni mtu mwingine), kiasi cha pesa, stesheni iliyotoa, tarehe, na namba ya OB. OB ndo kile kitabu cha matukio cha polisi, na hiyo namba ndo uzi wa kuvuta kila kitu kingine. Huwa na tarehe ndani yake kwa hivyo hata kama umesahau ulishikwa lini itakwambia.

Kama risiti imepotea, unaweza kwenda stesheni uliyoshikwa, ofisi ya trafiki, uwape jina, kitambulisho, namba ya gari na siku unayokumbuka. Hapa watu huogopa, wanasema nikienda stesheni nitashikwa. Ni kweli kama waranti iko wanaweza kukuweka, kwa hivyo kama huna risiti mimi ningeanzia kortini, sio stesheni. Rejistri ya korti wanaweza kukutafuta kwa jina na namba ya kitambulisho. Kesi za miaka ya karibuni zinaanza na herufi E, halafu namba, halafu mwaka, kwa mfano E na namba yake ya 2024. Ukishapata hiyo iandike mahali pawili.

Na hakikisha korti ni ipi! Hili limesumbua watu sana. Kushikwa barabara ya kutoka Malindi haimaanishi kesi iko Malindi. Ukishikiwa Kilifi mjini kesi iko korti ya Kilifi. Ukishikiwa Mtwapa mara nyingi utasikia Shanzu. Ukienda juu kuelekea Lamu ukashikwa upande wa Garsen, kule kuna korti yake. Lamu yenyewe ina korti, na Mpeketoni iko nyingine. Korti inayoweza kufuta waranti ni ile iliyoitoa, kwa hivyo kumlilia karani wa Malindi kwa kesi ya Shanzu ni kumchosha bure.

Ukifika kwenye faili unaweza kukuta mojawapo ya mambo haya. Waranti ilitolewa na dhamana ikachukuliwa. Ama waranti ilitolewa lakini hakimu akaisimamisha hadi tarehe fulani akupe nafasi, na kama tarehe hiyo haijafika una bahati yako, kimbia. Ama faili haipo kabisa kortini kwa sababu polisi hawakuwahi kuisajili. Hii ya mwisho inatokea, na mtu anakaa na hofu mwaka mzima kwa kesi ambayo haikufunguliwa. Hapo unarudi stesheni na risiti yako na kitambulisho, unaulizia leseni yako na pesa yako, ukiwa na mtu mzima wa kukushuhudia, na unaomba jibu la maandishi.

JIPELEKE MWENYEWE, NA UCHAGUE SIKU

Hii ndo hatua yenyewe, na ndo ile watu wanaikwepa. Mtu aliyejileta na mtu aliyeletwa na pingu hawaangaliwi sawa na hakimu yeyote.

Siku nzuri ni Jumatatu hadi Jumatano. Ijumaa achana nayo. Katiba, kifungu cha 49, inasema ukishikwa uletwe kortini ndani ya saa 24, lakini hizo saa zikiishia wakati korti imefungwa basi ni siku inayofuata ya korti, kwa hivyo anayeshikwa Ijumaa jioni anaweza kukaa selo hadi Jumatatu kihalali kabisa. Ndo maana pia nasema usingoje kushikwa, maana trafiki hachagui siku inayokufaa wewe.

Fika saa mbili asubuhi rejistri ikifunguliwa, kabla hakimu hajakaa saa tatu. Beba kitambulisho na kopi yake, risiti ya dhamana, karatasi za kueleza kwa nini hukufika, pesa kidogo, na simu yenye chaji. Na mtu. Njoo na ndugu au mwenzako wa kazi, kwa sababu hakimu akiagiza ushuke chini selo kwanza wakati faili inatafutwa, kuna mtu anabaki juu wa kulipa na kufuatilia. Huyo mtu ajue namba ya kesi.

Mwambie karani wazi: "Nina kesi ya trafiki namba fulani, sikufika tarehe fulani, kuna waranti, nimejileta, naomba faili iwekwe mbele ya hakimu leo." Usianze hadithi ndefu pale dirishani, ana watu wengine ishirini nyuma yako. Karani atakwambia korti namba ngapi. Pale nje ya mlango mtafute mwendesha mashtaka umwambie hivyo hivyo kabla kesi hazijaanza, kwa sababu hakimu atamgeukia yeye kuuliza kama ana pingamizi, na akijua mapema kwamba ulikuja mwenyewe mara nyingi hana neno.

Kuna korti zitakwambia uandike ombi, barua fupi tu au fomu, ya kuomba waranti ifutwe. Andika kwa Kiswahili kama Kiingereza kinakupiga chenga, namba ya kesi juu, kwa nini hukufika, unaomba nini, sahihi. Ukiwa na wakili yeye ataiwasilisha kwa mtandao. Kwa kosa la mkanda au simu kusema ukweli wakili atakugharimu kuliko faini. Lakini kama kulikuwa na ajali na mtu akaumia, ama ulikuwa umelewa, tafuta wakili, hapo usicheze.

UKIITWA NDANI

Kofia vua kama ni kapelo, simu zima. Jina likitajwa simama, sema "Niko hapa Mheshimiwa." Mwendesha mashtaka ataeleza kwamba huyu alikuwa na waranti amejileta. Hakimu atakuuliza swali moja: kwa nini hukufika?

Jibu fupi na la kweli, na karatasi mkononi. Ulikuwa umelazwa, toa karatasi ya hospitali. Ulikuwa na msiba, leta kibali cha mazishi au barua ya chifu. Ulikuwa baharini, kuna wavuvi wanakaa siku nyingi nje kabisa, basi barua ya BMU (kamati ya wavuvi ya ufuo wenu) au ya nahodha inasaidia. Kama ulisahau tu au uliogopa, sema ulisahau, sema uliogopa, na uombe radhi. Mahakimu wamesikia "nyanya yangu alifariki" mara nyingi sana hadi nadhani wanahesabu nyanya. Kisha sema unachoomba: waranti ifutwe, na kama dhamana ilichukuliwa irudishwe kwenye kesi. Sio lazima akubali hiyo ya pili lakini usipoomba hupati.

Akifuta waranti, hakikisha umeondoka na kitu cha maandishi. Omba kopi ya agizo iliyopigwa muhuri. Hii karatasi ndo itakayokulinda barabarani, kwa sababu habari ya kufutwa huwa haisafiri haraka kutoka kortini hadi kwa askari mwenye orodha ya zamani. Kopi moja peleka kwa ofisi ya trafiki ya stesheni ile, nyingine kaa nayo kwenye gari.

Akikataa au akitaka dhamana mpya, si mwisho wa dunia. Kifungu hicho hicho cha 49 cha Katiba kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita, na makosa mengi ya trafiki ya kawaida yako humo. Lipa dhamana mpya, chukua risiti mpya. Na kama kuna mtu alikusimamia bondi mwanzoni, labda mjomba aliacha logibuku yake, kile cheti cha umiliki wa gari, mwambie mapema, kwa sababu yeye ndo ataitwa ajieleze ukikosa tena.

KUSOMEWA MASHTAKA

Mara nyingi siku hiyo hiyo utasomewa. Una haki ya kusomewa kwa lugha unayoielewa, na mkalimani ni bure, kwa hivyo wazee wetu wa Kigiriama au Kipokomo wasiogope kuomba.

Hapa fikiria kabla ya kufungua mdomo. Ukisema "ni kweli" umekubali kosa, na baada ya hapo ni adhabu tu. Kama hukufanya, kataa, kesi itapangiwa siku na askari aje aeleze. Lakini kataa kwa sababu hukufanya, sio kwa sababu unataka kuonyesha ubabe, maana kila tarehe ni nauli na siku bila kazi.

Ukikubali utaulizwa una la kusema kabla ya adhabu. Hapo ndo unasema ni kosa lako la kwanza, una familia, gari ndo kazi yako, umejileta mwenyewe. Kwa makosa madogo kuna viwango vilivyowekwa 2016: kutofunga mkanda 500, kutobeba leseni 1,000, kuongea na simu ukiendesha 2,000, gari bila namba 10,000. Hivyo vinakupa picha ya pesa ya kubeba ili faini isikukute mikono mitupu, lakini ukishafika mbele ya hakimu yeye ndo anaamua kulingana na sheria, sio wewe na karatasi yako.

Kama dhamana haikuchukuliwa, omba ikatwe kwenye faini. Hii lazima uiseme! Kuna watu wanalipa faini kamili halafu wanaanza kufuatilia dhamana kando miezi kwa miezi, wakati hakimu angeweza kuagiza zikatane pale pale na ukarudishiwa baki.

Lipa kwa njia rasmi tu. Siku hizi malipo ya serikali yanapita eCitizen, paybill 222222, karani atakupa namba ya kuandika kama akaunti. Yule kijana anayezunguka nje ya geti na bahasha akikwambia "nipe mimi nikupelekee" ni dalali, na pesa yake haina risiti. Karani kukuangalizia faili haulipii. Ukiitishwa pesa ya chai ndani ya korti kuna ofisi ya Ombudsman wa Judiciary inapokea malalamishi.

SASA LESENI YENYEWE

Faini ikilipwa, kabla hujatoka kortini muombe hakimu, ama karani baada ya kesi, agizo la kuachiliwa kwa leseni. Usidhani itakuja yenyewe. Kama iko kwenye faili karani anaitoa pale, unasaini. Kama iko stesheni unaenda na agizo na risiti ya faini, wanakutolea. Wakikwambia hawaioni, wape siku, ikishindikana chukua abstrakti ya polisi ya kupotea na uombe kadi nyingine kwa NTSA kupitia eCitizen.

Kama ulifungiwa kuendesha na hakimu, hesabu ni nyingine. NTSA hawawezi kukufungulia wala OCS, mkuu wa stesheni ya polisi, hawezi, aliyefunga ni korti. Ama unakaa muda wako uishe, ama unakata rufaa, na rufaa ina siku 14 tu tangu hukumu, inaenda High Court, ambayo iko papa hapa Malindi. Na katika muda huo usiguse usukani hata wa kupeleka mtoto madrasa, kuendesha ukiwa umefungiwa ni kosa jingine zito.

Kwa yule ambaye mfumo wa NTSA ndo unakataa: pakia au upeleke kopi ya agizo la korti iliyothibitishwa na risiti ya faini. Ukishindwa na mtandao nenda Huduma Centre, ile ya Mombasa pale GPO wamezoea mambo ya leseni. Usiende na maneno, nenda na muhuri.

WA LAMU NA MLIO MBALI

Nawajua mlio Lamu, Faza, Kizingitini, kesi iko Malindi, ni boti hadi Mokowe halafu basi, siku mbili zimekwisha kwa kosa la mkanda. Piga simu rejistri kwanza uulize kama korti hiyo inasikiza kesi za trafiki kwa video, korti nyingi zimekuwa zikifanya hivyo tangu 2020 na linki huwekwa kwenye orodha ya kesi za siku. Pia kifungu cha 99 cha sheria ile ya mwenendo wa kesi kinamruhusu hakimu kukuondolea kufika mwenyewe kwa makosa madogo ukikiri kwa maandishi au ukiwakilishwa na wakili. Lakini hiyo ni ya kutumia kabla hujakosa tarehe. Waranti ikishatoka, wengi watataka uso wako mara moja angalau, kwa hivyo uliza kabla hujatuma barua na kukaa ukitegemea.

Dhamana yako kama haikukatwa wala kuchukuliwa, iombe rejistri ukiwa na risiti halisi, kitambulisho na namba ya akaunti ya benki, jina la benki lifanane na la risiti herufi kwa herufi. Hapo ndo yule Mwanaisha aliyeandikwa Mwanaidi atalazimika kula kiapo kwanza kwamba ni mtu mmoja, kwa hivyo kama jina lako limekosewa lishughulikie siku ile ile uko mbele ya hakimu.